Asome Wapi? Mazungumzo na Mzazi Anayehamia au Kuhama Arusha

Masika yanaelekea ukingoni, barabara za Ilboru na Moshono bado zina tope, na mlima Meru tunauona kwa nadra, asubuhi moja moja tu kabla mawingu hayajaufunika. Kwa wengi wetu Mei ni mwezi wa kawaida. Kwa familia kadhaa, hata hivyo, ni mwezi wa mashaka. Mwaka wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaanza tarehe 1 Julai, mikataba ya kazi inasainiwa sasa, na shule za kimataifa zitafungua mwaka wao mpya mwezi Agosti. Kwa hiyo yupo mzazi Kampala, Bujumbura au Juba ambaye amepata kazi Arusha, na yupo mwingine hapa hapa Njiro ambaye amepata kazi Geneva. Wote wawili wana watoto, na wote wawili wanauliza swali moja: asome wapi?

Leo nataka kuzungumza na hao, na nitang'ang'ania jambo moja. Unapomchagulia mtoto shule katika mji mgeni, anza na mlango wa kutokea. Kabla hujaangalia majengo, bwawa la kuogelea na orodha ya mataifa yaliyomo shuleni, jiulize mtoto huyu atatoka hapo akiwa na umri gani, akielekea nchi gani, na cheti gani mkononi. Mzazi anayehama mara moja, mara nyingi atahama tena. Shule nzuri kwa mtoto wa namna hiyo ni ile inayompokea vizuri na inayomwachia vizuri.

Nalisema hili kwa sababu mji wetu umewaona wengi waliokuja na wakaondoka. Nenda Tengeru, kilomita chache tu mashariki mwa mji, uliza yalipo makaburi ya Wapolandi. Kuanzia mwaka 1942 walifika pale wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki ya Poland, wakapelekwa Siberia, baadaye wakatokea Uajemi, na hatimaye wakaletwa hapa chini ya Meru. Miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyafanya ni kufungua shule. Walikuwa na shule za watoto wadogo, sekondari na za ufundi, na masomo yalikuwa kwa Kipolandi, yakimwandaa mtoto kurudi nyumbani.

Vita vikaisha. Sehemu ya nchi waliyotoka ikabaki mikononi mwa Wasovieti, na Poland yenyewe ikawa chini ya utawala ambao wengi wao hawakutaka kuishi nao. Baadhi walirudi, lakini wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Kambi ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Siwalaumu hata kidogo wazazi wale. Walifanya lililo sawa, kwa sababu mtoto aliyepoteza nyumba, baba na ardhi hakustahili kupokonywa na lugha pia. Ninachokiona katika habari yao ni kwamba walimwandaa mtoto kwa nchi moja, na historia ikampeleka nyingine. Kwa hiyo ninaposema uujue mlango wa kutokea, simaanishi upate jibu moja ukalale nalo. Pata majibu mawili. La kwanza liwe la mambo yakienda kama ulivyopanga, na la pili la mkataba ukikatika ghafla.

Na mikataba hukatika. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa hapa, ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Namanga haikufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Fikiria mtumishi wa Jumuiya aliyekuwa na mtoto wa sekondari mwaka ule. Walimu na marafiki wako upande mmoja, nyumbani ni upande wa pili, na njia ya kilomita mia na kitu iliyokuwa safari ya saa mbili haipitiki.

Halafu ikaja Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Iliundwa Novemba 1994, mwaka uliofuata ikaamuliwa iwe Arusha, na kwa miaka ishirini mamia ya watumishi kutoka kila pembe ya dunia waliishi kati yetu. Wengi walizungumza Kifaransa, kwa kuwa Kifaransa na Kiingereza ndizo zilizokuwa lugha rasmi za Mahakama. Njiro ilijengeka, kodi za nyumba zikapanda, shule zikajaa. Mahakama ikafungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Angalia tarehe hiyo kwa jicho la mzazi. Desemba ni katikati ya mwaka wa masomo wa shule za kimataifa. Mwajiri hafungi hesabu zake kwa kufuata kalenda ya darasa la mtoto wako.

Shule zetu zenyewe ni alama za mawimbi hayo. Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934 na serikali ya kikoloni kwa ajili ya watoto wa Wazungu, na leo ni shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiingereza, ambamo mtoto wa Kijenge anakaa dawati moja na mtoto wa Sakina. St Constantine's ina asili yake katika jamii ya Wagiriki, wale walowezi wa kahawa na katani. Ile ambayo wazee bado wanaiita ISM ilianzishwa Moshi mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa madaktari na wafanyakazi waliokuja kuanzisha hospitali ya KCMC, ikafungua tawi Arusha mwaka 1987, na tangu 2019 inaitwa UWC East Africa. Ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufundisha ile Diploma ya Kimataifa, IB. Braeburn imetokea Kenya ikaweka kambi Kisongo, na Kennedy House iko Usa River. Zipo nyingine, na sitazipanga kwa ubora, kwa sababu shule iliyo bora kwa mtoto wa jirani yako inaweza kuwa mzigo kwa wako.

Sasa tuingie kwenye mitaala, na hapa naomba mzazi uvute kiti.

Arusha ina njia kuu tatu. Ya kwanza ni mtaala wa Tanzania, unaoishia kwenye mitihani ya taifa ya NECTA. Ya pili ni mtaala wa Uingereza, ambao wengi wanaumalizia na mitihani ya Cambridge: mtoto anasoma miaka 2 na kufanya IGCSE akiwa na miaka 16 hivi, kisha miaka mingine 2 ya A-level kwa masomo 3 au 4. Ya tatu ni IB, ambayo miaka yake 2 ya mwisho ina masomo 6, insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000, na shughuli za ubunifu, michezo na kujitolea. Alama ya juu kabisa ni 45, na ili upate diploma lazima ufikishe angalau 24.

Zote tatu ni njia halali, na zote zina vijana waliofika mbali. Lakini hazifunguki mahali pamoja. Chukua msichana wa Kitanzania anayetaka kuwa daktari na anayetaka kusomea Muhimbili. Muhimbili kwa udaktari wanataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu, kwa kiwango cha juu. Katika A-level atazichagua tatu hizo na mambo yamekwisha. Katika IB kanuni inamtaka asambaze masomo yake: lugha mbili, somo la jamii, sayansi, hisabati, na sanaa au badala yake. Kwa kawaida atapata nafasi ya sayansi 2. Ya tatu inahitaji ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo huombwa mwanzoni, wakati bado masomo yanachaguliwa. Msichana huyo anaweza kumaliza na alama nzuri sana, zinazokubalika Uholanzi au Kanada, akafika Muhimbili akaambiwa somo moja halipo. Hajafeli chochote. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja na yeye ametembea kuelekea mwingine, na hakuna aliyemwambia akiwa na miaka 16.

Kwa hiyo nenda shuleni na swali hili: wanafunzi wenu waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi? Usikubali kuonyeshwa wale wawili waliokwenda Marekani, ambao picha zao ziko ukutani mapokezi. Uliza waliobaki. Uliza nani amekwenda Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Butare, na alipitia ugumu gani. Mkuu wa shule anayewajua wanafunzi wake atakujibu bila kufungua kompyuta.

Kuna pia suala la wakati. Kalenda zetu za Afrika Mashariki hazilingani. Tanzania na Kenya mwaka wa shule unaanza Januari. Rwanda, Burundi na Kongo wanaanza Septemba. Shule za kimataifa hapa zinaanza Agosti. Na juu ya hayo, nchi zetu ziko katikati ya mageuzi: Kenya ilifanya kwa mara ya mwisho KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, na Tanzania ilianza mitaala mipya Januari 2024, na elimu ya msingi inaelekea kuwa ya miaka 6 badala ya 7. Mtoto wa darasa la sita kutoka Nakuru na mtoto wa darasa la sita kutoka Mwanza siyo lazima wawe wamefika ukurasa mmoja. Usishangae basi ukiambiwa mtoto akae nusu mwaka nyuma kidogo. Kwa mtoto wa miaka 8 hilo si msiba. Kwa kijana ni jambo jingine kabisa.

Ukiweza, usimhamishe kijana katikati ya ile miaka 2 ya mtihani. Kati ya miaka 14 na 16, akiwa ameshaanza IGCSE, na kati ya 16 na 18, akiwa kwenye A-level au IB, kila mwezi wa masomo unajengwa juu ya uliotangulia. Shule atakayokwenda inaweza kufundisha riwaya nyingine, kipindi kingine cha historia, hata bodi nyingine ya mitihani. Nimeona familia ambazo baba ametangulia na mama akabaki mwaka mmoja ili binti amalize. Nimeona wengine wakatumia bweni. UWC wana mabweni Arusha na Moshi, na Moshi ni kilomita 80 tu. Inaumiza kutengana. Lakini kijana kurudia miaka 2 yote akiwa na umri wa miaka 17 inaumiza zaidi, na maumivu hayo anayabeba peke yake.

Nije kwenye lugha. Hapa nitakaa.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, na Burundi iliyotangulia, wameongezeka Arusha watoto waliosoma kwa Kifaransa. Nilimsindikiza mama mmoja, jirani yetu kutoka Bujumbura, kumpeleka mwanawe wa miaka 11 kufanya mtihani wa kujiunga. Shule sitaitaja. Mtoto akapewa karatasi ya hesabu kwa Kiingereza. Swali lilihusu mfanyabiashara anayepanga maembe kwenye makasha, kila kasha maembe kadhaa, na mangapi yanabaki. Mtoto alisoma mara tatu. Hakujua ni kitu gani kinapangwa ndani ya kitu gani. Akaacha wazi. Kisha akageuza karatasi, na nyuma yake akapanga mgawanyo wake mwenyewe wa namba kubwa, ili kuonyesha kwamba anaweza. Aliuandika kama wanavyofundishwa kwao: namba inayogawanywa kushoto, kigawanyo kulia, mstari wa wima katikati, na jibu chini ya kigawanyo. Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Mwalimu aliyesahihisha hakuwahi kuona mgawanyo ulioandikwa hivyo, akadhani ni michoro. Mtoto akapangiwa madarasa mawili nyuma.

Mama yule hakusema kitu ofisini. Alipotoka nje aliniuliza, "Kaka, wamempima hesabu au wamempima Kiingereza?" Nilimwambia arudi ndani aulize swali hilo hilo. Alirudi. Mwalimu mwingine, mtu mzima, aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akaitazama kwa muda, akamwita mtoto akamwambia amfafanulie kwa vidole. Mambo yakabadilika. Alishushwa darasa moja, na akapewa msaada wa Kiingereza kila siku.

Profesa Jim Cummins wa Kanada alilichambua jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtoto mhamiaji huweza kuzungumza lugha mpya na wenzake uwanjani ndani ya miaka kama 2, lakini lugha ya vitabu na mitihani humchukua miaka 5 mpaka 7 kufikia kiwango cha wenzake waliozaliwa nayo. Mzazi akisikia mtoto anacheka na wenzake kwa Kiingereza baada ya miezi 8 hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Kwa hiyo uliza shule: ni nani anayemfundisha Kiingereza mtoto aliyechelewa? Ana vipindi vingapi kwa wiki? Anaondolewa katika somo gani ili apate vipindi hivyo? Kama jibu ni kwamba "watoto huzoea wenyewe", fahamu kwamba hakuna mpango.

Na Kiswahili je? Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na nitalisema waziwazi. Wapo watoto wanaoishi Arusha miaka 4, wanakunywa maji ya Meru, wanakula ndizi za Tengeru, na wanaondoka hawawezi kumwamkia mlinzi wa getini kwao. Si kosa la watoto. Shule imewapa kipindi kimoja cha Kiswahili kwa wiki, mwaka hadi mwaka, rangi na namba, namba na rangi. Nyumbani mzazi, awe Mganda au Mwingereza, anaona Kiswahili ni cha dada wa kazi. Na wapo watoto wetu wenyewe, Watanzania, wazazi wamerudi kutoka Minnesota au Reading baada ya miaka 10, wanapelekwa shule ambayo Kiswahili chao kinabaki pale pale kilipoishia. Bibi anakuja kutoka Machame kumwona mjukuu, na mazungumzo yanaisha kwenye shikamoo.

Kiswahili si cha mapambo. Kipo katika IGCSE, kipo katika IB, kijana anaweza kukifanyia mtihani na kupata alama zinazohesabiwa chuoni. Ni moja ya lugha rasmi za Jumuiya na za Umoja wa Afrika. Uliza shule ikiwa somo hilo linaishia kwenye mtihani au linaishia kwenye wimbo wa sherehe ya mwisho wa mwaka. Uliza mwalimu wake anakaa na walimu wenzake kwenye vikao vya kupanga masomo, au huitwa tu zamu yake ikifika. Lugha ya nyumbani nayo iulizie. IB ina utaratibu wa kumwezesha mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake mwenyewe hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo, kwa kusoma chini ya usimamizi. Si kila shule itakueleza habari hiyo usipoiuliza.

Shuleni penyewe, ukienda kutembelea, nenda siku ya kawaida. Omba kuona madaftari ya darasa atakaloingia mtoto wako, daftari la mtoto hodari na la mtoto anayesuasua. Angalia mwalimu ameandika nini pembeni. Alama ya vema peke yake haimfundishi mtu. Ukiona sentensi, ukaona na mtoto amesahihisha chini yake, hapo pana kazi inayofanyika. Kaa mpaka mapumziko, uangalie nani anacheza na nani. Mtoto mgeni wa mwezi jana yuko wapi? Amesimama ukutani na chupa yake ya maji, au kuna mtu amemwita? Na uliza walimu wangapi wameondoka mwaka uliopita. Watoto wanaohamahama wanahitaji walimu wanaokaa.

Barabara nayo ni sehemu ya shule. Wengi wanaanza na dalali, wanapata nyumba nzuri, kisha ndipo wanatafuta shule. Mji wetu umelala kando ya barabara moja kubwa. Usa River iko mashariki, upande wa Moshi. Kisongo iko magharibi, upande wa Dodoma, na huko huko ndiko ziliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Lakilaki. Makao ya Jumuiya yako katikati ya mji. Ukikaa Tengeru, ukafanya kazi Lakilaki, na mtoto akasoma Usa River, mmeachana asubuhi kila mtu na upande wake, na basi la shule limempitia mtoto kabla hakujapambazuka vizuri. Barabara ya Sakina hadi Tengeru imepanuliwa kuwa njia nne, na barabara ya mchepuko imesaidia, lakini foleni ya asubuhi bado ipo. Mtoto wa miaka 6 anayekaa kwenye basi saa moja kwenda na saa moja kurudi anamaliza siku akiwa amechoka kuliko wewe. Shule kwanza, dalali baadaye.

Ada nitaipitia haraka. Uliza jumla ya yote: ada ya maombi, amana, mchango wa majengo, basi, chakula, mitihani. Mitihani ya nje hulipiwa kando na si rahisi. Isome barua ya mwajiri wako vizuri, kwa sababu wengi hulipa sehemu tu, na hukoma siku mkataba unapokoma. Kama wewe mwenyewe usingeweza kulipa hata muhula mmoja kutoka mfukoni, basi lile jibu la pili nililolitaja mwanzoni, la mambo yakiharibika, lazima uwe nalo tangu leo.

Na jibu hilo linaweza kuwa shule isiyo ya kimataifa. Naona wageni wengi wanaziruka shule zetu za mtaala wa Tanzania zinazofundisha kwa Kiingereza kana kwamba hazipo. Kwa familia ya Kiganda au ya Kikenya yenye watoto wadogo, inayotarajia kurudi nyumbani baada ya miaka 3, shule hizo zinaweza kuwa karibu zaidi na mahali mtoto anakorudi, na Kiswahili atakipata bure. Ada yake pia ni sehemu ndogo ya ile nyingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa wewe unayetoka Arusha kwenda Geneva. Mji ule ndio wenye mojawapo ya shule kongwe kabisa za kimataifa duniani, iliyofunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani, na IB yenyewe ilizaliwa huko huko mwaka 1968. Utavutiwa. Lakini kama mtoto wako ana miaka 7 na mkataba wako ni wa miaka mingi, ulizia shule ya serikali ya mtaa mtakaokaa. Haina ada, na wageni huandaliwa madarasa ya kuwapokea kwa Kifaransa. Akitoka pale ana lugha ya tatu kichwani. Kama ana miaka 15 na amebakiza mwaka mmoja wa IGCSE, usimtie kwenye Kifaransa asichokijua. Tafuta shule yenye mtihani ule ule aliouanza Kisongo.

Mwisho ni karatasi, na hizi ziko mikononi mwako wewe. Usiondoke bila barua ya uhamisho, ripoti za miaka 2 iliyopita zenye muhuri, na muhtasari wa kila somo ukionyesha mada zilizofundishwa, kwa kuwa shule mpya itakuuliza amefika wapi, wala si amepata ngapi tu. Kadi ya chanjo. Cheti cha kuzaliwa, nakala halisi. Ukiwa Mtanzania unayemrudisha nyumbani kijana mwenye cheti cha nje, peleka vyeti NECTA vilinganishwe mapema, maana bila ulinganisho huo maombi ya kidato cha tano au chuo yatasimama. Shule za kimataifa hapa hufunga mwezi Juni, na ofisi hubaki na mtu mmoja au wawili, kwa hiyo zidai karatasi hizo sasa, mwezi huu huu wa Mei, kabla mwalimu wa darasa hajapanda ndege kwenda likizo.